Nta ya Turkana na mawimbi ya sumakuumeme: tupashe kisima, mwamba tuuache

Mafuta ya Turkana yana tabia moja ambayo ndo inaendesha hesabu yote ya hiyo biashara, nayo ni kwamba huganda. Tena si kwamba yataka baridi ya Limuru ndo yagande, la, yakishuka chini ya digrii 40 na kidogo tayari yamekuwa mazito mpaka hayamiminiki, na digrii 40 hapa Mombasa ni jua ambalo hatulipati hata mwezi wa tatu. Sababu ni nta, imejaa ndani ya hayo mafuta. Wa pwani hii hawana haja ya maelezo marefu, mwezi wa saba kusi ikivuma ukiamka asubuhi chupa ya mafuta ya nazi imekuwa nyeupe pepe, waiweka juani kidogo yanatiririka tena. Ya Turkana ni hivyo hivyo, ila jua letu peke yake haliyatoshi.

Na Mombasa tushayaona. 2018 malori yalianza kuyaleta kutoka Lokichar kule Turkana, zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, yakiwa kwenye kontena za tangi zilizovishwa ili joto lisipotee, yakimwagwa kwenye matangi ya kile kiwanda cha Changamwe ambacho kiliwacha kusafisha mafuta tangu 2013. Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka bandarini na mapipa zaidi ya 200,000, rais mwenyewe alikuja kupeperusha bendera, na 2020 ule mpango ukasimama. Wengi tuliona ni mambo ya bei na siasa za barabara na haki za watu wa Turkana, ambazo ni kweli zilikuwepo, lakini chini ya hayo yote kulikuwa na shida ya fizikia tu: hiki kitu kila mahali kinapopita lazima kiwekwe moto. Kwenye kisima, kwenye tangi la Lokichar, njiani, Changamwe, mpaka kwenye meli. Kila digrii moja ina gharama yake.

2025 Tullow, kampuni ya mafuta iliyokuwa na ile projekti ya Turkana, walitangaza kuiuza kwa kampuni ya Gulf Energy kwa angalau dola milioni 120, kwa hivyo hii stori imeamka upya, na ikiamka stori ya mafuta huamka pia na watu wa kuuza teknolojia. Mojawapo ni hii ya kutumia mawimbi ya sumakuumeme ndani ya visima, yaani unateremsha antena au koili (waya uliozungushwa) chini, unaipa umeme, mawimbi yanapasha vitu vilivyo huko, nta inayeyuka, mafuta yanapanda. Hakuna moshi wala boila, na maji karibu hayahitajiki. Mimi naipenda hii teknolojia na nataka Kenya iijaribu. Lakini naona inazungumzwa vibaya, inazungumzwa kana kwamba kazi yake ni kupasha mwamba mzima kule chini, na kwa mafuta ya Turkana hiyo si kazi yake kabisa.

Hebu tuanze na mawimbi yenyewe manake hapa ndo watu wengi wanapotelea. Mawimbi ya redio, maikrowevu, mwanga, yote ni familia moja, tofauti ni frikwensi tu, yaani wimbi linatikisika mara ngapi kwa sekunde. Maikrowevu ya jikoni inapiga kwenye gigahezi 2.45, na urefu wa wimbi lake hewani ni kama sentimita 12. Inapasha chakula kwa sababu molekuli ya maji ina ncha mbili, moja chanya moja hasi, wimbi likipita hiyo molekuli inajaribu kugeuka kulifuata, linageuka tena, mabilioni ya mara kwa sekunde, na huko kugeuka na kusuguana ndo joto. Kwenye maji ya chumvi kuna na la ziada, zile ayoni zenyewe, yaani chembe za chumvi zenye chaji, zinasukumwa huku na huku.

Sasa swali ambalo sijasikia wengi wakiuliza: je, nta ina ncha mbili? Haina. Nta ya mafuta ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, pande zote sawa, wimbi lapita katikati yake kama mwanga upitavyo kwenye kioo. Chukua kipande cha mshumaa safi ukiweke kwenye maikrowevu, utakuta hakiyeyuki kirahisi, na kikipata joto mara nyingi ni lile la sahani iliyo chini yake. Kwa hivyo mtu akisimama mbele ya watu akasema kwamba mawimbi yake yanayeyusha nta moja kwa moja, yuataka kuulizwa maswali zaidi. Kitakachopata moto kule chini ni maji ya chumvi yaliyoko ndani ya mwamba, au chuma cha bomba, au chembe za madini zinazopokea mawimbi kama mtu amezichanganya makusudi. Nta inapokea joto kutoka kwa hao majirani. Na mafuta mazito ya aina ya lami kidogo ni tofauti, yana molekuli kubwa kubwa zenye ncha zinazopokea kiasi fulani, ndo maana majaribio mengi ya dunia yamefanyiwa huko. Ya Turkana ni mepesi, salfa kidogo, nta nyingi. Kwa mawimbi ni mafuta magumu kuyashika.

Jambo la pili ni umbali. Kadiri frikwensi inavyopanda ndivyo wimbi linavyoishiwa nguvu mapema ndani ya kitu chenye maji ya chumvi. Kwa frikwensi ya maikrowevu kwenye mwamba uliolowa unazungumzia sentimita kadhaa mpaka makumi ya sentimita basi, kisha joto lote limekwisha pale pale mlangoni. Ukishuka kwenye frikwensi za redio unapata mita kadhaa, ukishuka zaidi mpaka kilohezi unafika mbali zaidi lakini sasa yataka umeme mwingi na kebo nene. Kuna jambo zuri hapa ambalo mainjinia wanalipenda, maji ya karibu na antena yakichemka yakawa mvuke pale mahali panakuwa wazi kwa mawimbi, kwa hivyo wimbi linasonga mbele kupasha sehemu inayofuata, joto linatembea lenyewe. Lakini kuna na bomba la chuma. Kisima kimevishwa bomba la chuma kutoka juu mpaka chini, na chuma huzuia mawimbi, kwa hivyo ukitaka kupasha mwamba ni lazima ile sehemu ya chini iwe haina chuma au iwe na bomba la faibaglasi, na hilo unalipanga wakati unachimba, si miaka mitano baadaye.

Haya mambo hayakuanza jana. Umeme uliingia kwenye visima kwanza kwa ajili ya kupima, 1927 kule Pechelbronn Ufaransa watu wa Conrad Schlumberger waliteremsha vipimo vya umeme kisimani na kurekodi jinsi mwamba unavyozuia umeme, na mpaka leo ni nadra kampuni ya mafuta kuchimba bila kupima hivyo. Wazo la kupasha lilikuja baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani walifanya majaribio madogo ya mawimbi ya redio kwenye mawe ya mafuta na mchanga wa lami kule Utah. Raytheon, kampuni ile ile ambayo Percy Spencer alikuwa mfanyakazi wake alipogundua maikrowevu yaweza kupika, nayo ilitengeneza mfumo wake wa kupasha mawe ya mafuta, 2008 ikaiuzia kampuni ya Schlumberger. Kanada jimbo la Alberta wakachanganya mawimbi na viyeyushi, na 2022 kampuni ya Acceleware ikaanza kupasha kisima cha majaribio pale Marwayne. Miaka arobaini na zaidi, pesa nyingi, watu wenye akili, na bado hakuna nchi inayotoa mafuta yake kwa wingi kwa njia hii. Hilo nalisema kwa heshima manake hao watu wamefanya kazi ngumu, lakini mnunuzi ni lazima alijue.

Na Alberta walikuwa na sababu zao. Ile lami yao chini ardhini haitembei, ni nzito kama ile ya barabarani, usipoipasha ndani ya mwamba hupati hata pipa moja, na njia yao ya kawaida ni kuchemsha maji kwa gesi na kusukuma mvuke chini. Kwao kupasha mwamba ni lazima, swali ni kwa mvuke au kwa mawimbi. Turkana sio hivyo! Kule chini joto la ardhi lenyewe limeyaweka mafuta katika hali ya kutiririka, visima vya Ngamia na Amosing vilipojaribiwa vilitoa mafuta mpaka juu. Shida inaanza yakipanda. Yanapanda bomba linakuwa baridi, nta inajishika ukutani, njia inakuwa nyembamba, pampu inahangaika, na mwisho kisima kinasimamishwa ili kisafishwe. Kwa hivyo tukiichukua dawa ya Alberta nzima nzima tukaileta Lokichar tutakuwa tunatibu ugonjwa ambao mgonjwa wetu hana.

Twende kwenye hesabu, na hii nimeipiga mwenyewe kwa vipimo vya kawaida vya fizikia, mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuirudia. Pipa moja ni lita 159, uzito wake kwa mafuta haya ni kama kilo 135. Kuyapandisha digrii 20 kunakula kama uniti (kilowati-saa) moja na nusu ya stima, ukiongeza na joto la kuyeyusha nta yenyewe inafika tatu, sema nne. Pipa hilo hilo ukilichoma lote linatoa nishati ya kama uniti 1,700. Kwa hivyo kuyaweka mafuta moto njiani ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kilichomo ndani yake.

Sasa pasha mwamba. Mita moja ya ujazo ya mwamba wa mchanga uliolowa, ukiipandisha digrii 50, inakula kama uniti 33. Ndani yake, kama vitundu ni asilimia 20 na sehemu kubwa imejaa mafuta, kuna kama lita 140 hivi, haifiki pipa. Na hayatoki yote, tuseme nusu yatoke, hapo kila pipa linalofika juu limekula uniti 75, na bado hatujahesabu upotevu wa kwenye kebo na mitambo ya kugeuza umeme kuwa mawimbi, wala joto linalokimbilia kwenye mwamba usio na mafuta. Mapipa 10,000 kwa siku kwa uniti 75 ni kama megawati 31 mfululizo mchana na usiku, karibu thuluthi moja ya bwawa lote la Turkwel ambalo uwezo wake ni megawati 106. Kwa uniti nne ni megawati moja na kitu. Basi hiyo ndo tofauti ninayoizungumzia, na sioni ni vipi mtu anaweza kupanga projekti bila kuweka hizi namba mbili pamoja kwenye karatasi moja.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, mawimbi yaelekezwe kwenye chuma na kwenye ule mwamba wa mita chache unaozunguka mdomo wa kisima, pale ambapo nta inaziba. Kwenye chuma unatumia koili, umeme wa kwenda na kurudi unazalisha uga wa sumaku, uga unazalisha mikondo ndani ya ukuta wa bomba, bomba linapata moto lenyewe kutoka ndani ya chuma chake. Nta iliyojishika ukutani inaachia. Hapa ile habari ya nta kutoshika mawimbi haituumizi tena kwa sababu anayepashwa ni chuma, nta inapashwa na chuma, na chuma tunacho tayari kisima kizima. Koili haihitaji kukaa kisima kizima, unaiweka zile mita ambazo vipimo vya joto vinakuonyesha ndo mafuta yanashuka chini ya kiwango cha kuganda.

Linganisha na dawa ya kawaida inayotumika duniani, kumwaga mafuta ya moto kutoka juu. Joto linaanza kupotea tangu mita za kwanza, likifika chini limeshakuwa vuguvugu, na ile nta iliyoyeyuka juu inasukumwa chini, ikikutana na mahali baridi inaganda pale pale kwenye matundu ya kisima, kwa hivyo umekwangua bomba ukaziba mlango. Kuna ya kemikali pia, ambazo nyingi ni sumu na lazima zisafirishwe na kuhifadhiwa, na kuna ya kukwangua kwa kisu kinachoteremshwa kwa waya, inafanya kazi lakini kisima husimama kila mara. Zote zina nafasi yake. Lakini kwa kisima kilicho mbali na barabara nzuri, kwenye joto la Turkana, ukiweza kubonyeza swichi badala ya kutuma lori la kemikali umeokoa mengi.

Na umeme ndani ya chuma si ndoto, hii ndo sehemu inayonipa moyo zaidi. Norwei kwenye eneo la mafuta la Åsgard kule baharini, tangu 2000 wanapitisha umeme ndani ya chuma cha mabomba yaliyolala chini ya bahari ili nta na barafu ya gesi isizibe. India, jimbo la Rajasthan, mafuta ya Mangala ni ya nta kama yetu, bomba lao la kama kilomita 670 kuelekea pwani ya Gujarat linapashwa kwa umeme unaotembea kwenye ngozi ya ndani ya mrija wa chuma uliounganishwa na bomba, na hiyo tabia ya umeme kukimbilia kwenye ngozi ya chuma ni sumakuumeme tupu, ndo ile ile inayozuia mawimbi kuingia ndani ya bomba la kisima. Na jirani zetu hapa, bomba la Uganda kutoka Hoima mpaka Chongoleani pale Tanga, kilomita 1,443, nalo limepangwa kupashwa kwa umeme mafuta yakae kwenye digrii 50. Tanga! Mtu wa Mombasa anaenda Tanga arusini akarudi, na sisi bado tunazungumza kana kwamba haya mambo yako ng'ambo. Vijana wetu wangekuwa wanaenda kujifunza pale.

Mangala wana funzo jingine ambalo kwa Turkana naliona kubwa kuliko hata la bomba. Mafuta yakianza kutoka, nguvu ya chini hupungua, inabidi usukume maji ndani ya mwamba ili yasukume mafuta. Ukisukuma maji baridi kwenye mwamba wenye mafuta ya nta unaugandisha mwamba mwenyewe, nta inaziba vitundu na haifunguki kirahisi. Mangala wakalazimika kusukuma maji ya moto. Kwetu mipango iliyoandikwa ilitaja maji ya bwawa la Turkwel, maji yatakayosafiri kwenye bomba mpaka Lokichar. Haya maji lazima yawe moto yakiingia chini. Na ni maji ya Turkana, ambako mama anatembea nusu siku na mtungi. Mimi hapa siwezi kuzungumza kama mhesabu tu, kila lita ya maji inayochemshwa ili kuosha nta kwenye kisima ni lita ambayo ina mtu mwingine anaitazama, na kama teknolojia ya koili na mawimbi yaweza kupunguza kazi za kuosha visima kwa maji ya moto basi hiyo pekee ni sababu ya kuijaribu hata kabla ya kufika kwenye bei.

Umeme wenyewe utoke wapi? Wengine wanasema jenereta ya dizeli kando ya kisima, na hapo hesabu inaharibika mara moja kwa sababu jenereta inapoteza zaidi ya nusu ya nishati ya dizeli kama joto, heri basi uchukue hilo joto lake moja kwa moja. Mimi nasema tutazame upepo. Mradi wa Loiyangalani, upande wa pili wa ziwa kule Marsabit, una mashine 365 na uwezo wa megawati 310, na inajulikana kwamba usiku kuna wakati unaambiwa upunguze kwa sababu nchi imelala na upepo ndo unavuma. Kupasha chuma cha kisima ni kazi inayoweza kungojea, unapasha saa nane usiku stima ikiwa nyingi, mchana unapunguza. Najua laini ya Loiyangalani inashuka kwenda Suswa wala haipiti Lokichar, kwa hivyo kuna kazi ya gridi hapo, lakini Turkwel ipo upande huo huo wa Lokichar na maji ya bwawa yanaweza kusubiri usiku upepo ukifanya kazi. Mipango ya umeme na mipango ya mafuta inaandikwa na ofisi tofauti, na hii ni kazi ya kukaa meza moja.

Kuna matumizi mengine ya mawimbi kisimani ambayo hayana uhusiano na nta na kwetu pwani yanatuhusu zaidi. Kati ya bomba la chuma na mwamba humwagwa simiti, na hiyo simiti ndo inayozuia gesi na mafuta yasipande nje ya bomba. Ile ajali ya Macondo kule Ghuba ya Mexico, tarehe 20 Aprili 2010, watu 11 walikufa na mafuta yakamwagika baharini siku 87, uchunguzi wa serikali ya Marekani uliitaja simiti ya chini iliyoshindwa kuzuia gesi kuwa moja ya sababu kubwa. Simiti ina saa zake mbaya, imeshamwagwa lakini haijashika vizuri, na gesi ikipata njia wakati huo ile njia inabaki. Sasa kuna wazo, lipo kwenye maabara na kwenye hati za uvumbuzi za kampuni kubwa, kwamba badala ya kungojea simiti au gundi ishike kwa wakati wake, unateremsha chombo cha mawimbi kinaipasha pale pale, inashika sasa hivi, hasa ukiwa umeichanganya na chembe zinazopokea mawimbi. Yaani unaweza kuiacha ikiwa maji mpaka ifike mahali unapotaka, kisha ukaiamuru igande. Tena kuna uchafu wa jeli unaobaki baada ya kazi za kisima ambao ungeweza kuvunjwa kwa joto la namna hiyo hiyo.

Wa pwani mnaosoma, kumbukeni bahari yetu imeshachimbwa. Kisima cha Mbawa-1 2012 kikapata gesi, kikaja cha Sunbird-1 2014, na kampuni ya Eni wakaja na Mlima-1. Hakuna kilichokuwa biashara, lakini watarudi, kampuni za mafuta hurudi. Wakirudi jambo la mvuvi wa Lamu na wa Shimoni ni ubora wa simiti chini ya bahari, hata kama hajawahi kusikia hilo neno likitajwa kwenye mkutano. Ningependa kuona siku NEMA, mamlaka ya mazingira, wanapokaa na hizo kampuni kuwe na mtu wa kuuliza: simiti mtaipimaje, na mna njia gani ya kuirekebisha ikishindwa kushika?

Na kwa kuwa nimetaja wananchi, niguse ile hofu. Tumeona mtaani busta ya simu ikisimamishwa watu wanasema italeta saratani, na nina hakika siku ikisemwa mawimbi yanaingizwa ardhini Turkana kutakuwa na watu wa kusema mifugo itazaa viwete. Mawimbi ya redio na maikrowevu hayana nguvu ya kuvunja atomu, hayageuzi mwamba wala maji kuwa na mionzi, kazi yake ni joto basi, na chini ya ardhi yanamezwa ndani ya mita chache. Hatari ya kweli iko juu, kwa mfanyakazi anayeshika kebo yenye volti nyingi, na hiyo ni hatari ya fundi wa stima yeyote, ina sheria zake, glavu zake, mafunzo yake. Lakini watu hawawezi kutulizwa kwa kuambiwa "ni salama" na mtu mwenye suti aliyeshuka na helikopta. Watulizwe kwa kuonyeshwa, kwa lugha yao, na vipimo viachwe mikononi mwao.

Nije Changamwe sasa manake ndo hapa nataka tufike. Kile kiwanda kilianza kusafisha mafuta miaka ya 1960, kikafundisha mafundi vizazi viwili, watu wa Chaani, Mikindani, Magongo, wanaojua pampu kwa kuisikiliza. Kisha kikawa matangi tu, na 2023 kikawekwa chini ya kampuni ya mabomba ya Kenya, KPC. Wale mafundi wanazeeka. Tudor tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi, vijana wanasoma umeme na mitambo wakimaliza wanaenda kufunga CCTV za watu, kazi halali, lakini hawakusomea hiyo. Na mafuta ya Turkana yakitoka huenda yakapita hapa tena.

Jaribio ninalolifikiria halihitaji kisima. Linahitaji bomba la chuma la mita kadhaa lililosimamishwa wima, mafuta ya Turkana yenyewe yakizungushwa na pampu, njia ya kulipoza lile bomba kwa nje mpaka nta ijishike, koili, mita ya stima, na vipimo vya joto kila hatua. Pasha kwa frikwensi moja, pima nta imeachia kiasi gani na umekula uniti ngapi. Badilisha frikwensi, rudia. Kisha jaza bomba jingine mchanga na maji ya chumvi na mafuta uone mawimbi ya redio yanafika wapi, ili tusibishane kwa maneno. Hii ni kazi ya mwaka mmoja ya mafundi wawili watatu wazee na wanafunzi kumi, na pesa zake ni ndogo mbele ya gharama ya kisima kimoja kilichozibwa na nta. Tukishakuwa na hizo namba, kampuni yoyote ikija na mtambo wake tunauleta pale pale, tunaufunga kwenye bomba lile lile, na tunausoma kwa mita yetu.

Hilo la mita nalitilia mkazo kwa sababu kwenye soko la mafuta kuna vitu vingi vya ajabu, kuna hata sumaku za kufunga nje ya bomba zinazouzwa kama dawa ya nta, hazitumii umeme wowote, na matokeo yake duniani yamekuwa ya kupingana, hapa zinafanya kazi kule hazifanyi. Kitu kisichoingiza nishati hakiwezi kuyeyusha kitu, labda kibadilishe jinsi nta inavyojipanga, na hilo lipimwe. Kwa hivyo kila anayekuja na mawimbi aulizwe frikwensi yake ni ngapi, nini hasa kinachopokea hayo mawimbi, ni maji, chuma au chembe, bomba la kisima litakuwa la nini pale antena inapokaa, na ni uniti ngapi kwa pipa zikipimwa kwenye soketi, si zile anazopigia hesabu yeye kule chini. Majibu yaandikwe kwenye mkataba, na mkataba huo usomwe hadharani Lodwar na Mombasa kabla haujatiwa sahihi Nairobi.